Matibabu ya mtoto ni bure. Siku zako je?



Wiki iliyopita niliandika kuhusu kuhara kwa watoto, ORS na zinki. Nilitegemea maswali ya dozi. Badala yake, swali lililojirudia kwenye meseji zangu kuliko yote halikuwa la dawa kabisa. Mnaniuliza hivi: "Sista, mtoto wangu ana chini ya miaka mitano, nimeambiwa matibabu bure, mbona nimetoka hospitali na deni?"

Nimekaa na swali hilo siku nne, maana jibu lake ni refu kidogo na linagusa watu wakubwa kuliko mimi. Leo nalijibu kwa sehemu. Soma taratibu ukiwa unanyonyesha, au ukisubiri mwendokasi pale Gerezani. Foleni ya saa hizi unaijua, utamaliza.

SEHEMU YA 1

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema watoto chini ya miaka mitano na wajawazito watibiwe bila malipo kwenye vituo vya serikali. Mimi naiunga mkono kwa mikono miwili. Najua mnataka kuniambia habari za dirisha la dawa, kwamba unafika unaambiwa "hii imeisha, kanunue nje". Hilo nitaliandikia siku yake. Leo tuseme kila kitu kimeenda sawa: kitanda bure, vipimo bure, dawa zote zipo. Bado umetoka na deni. Limetoka wapi?

Tuchukue mfano. Huu ni mfano tu, weka namba zako mwenyewe. Unauza nguo za watoto Mtaa wa Congo, siku nzuri na siku mbaya ukizichanganya unabaki na faida ya shilingi 12,000. Umejifungua kabla ya wakati, mtoto ana kilo moja na nusu, mmekaa wodini siku 24. Hapo biashara imesimama: 12,000 mara 24 ni 288,000. Mdogo wako anakuletea chakula kila siku, nauli yake na chakula chenyewe tuseme 4,000, hiyo ni 96,000 nyingine. Jumla 384,000, na bado sijagusa pampasi, maji ya kunywa wala bodaboda ya usiku ule wa uchungu. Sijagusa mchezo ulioshindwa kuutoa mara tatu wenzako wakakununia. Sijagusa ile meza ambayo umerudi umekuta mtu mwingine kaipanga mzigo wake, na anakuangalia kama vile wewe ndiye mgeni.

Sasa mtaji umekwisha. Unaenda kukopa. Tunajua wote wanaokopesha haraka bila maswali ni akina nani, ndiyo maana mtaani mikopo ile inaitwa kausha damu.

Hilo ndilo deni lako. Hospitali haijakutoza hata mia, na wewe umelipa karibu laki nne.

SEHEMU YA 2

Kinachoniuma mimi kama muuguzi ni hiki: ile laki nne haipo popote. Kwenye faili la mtoto kuna kila kitu. Uzito wa asubuhi, joto, chanjo, maziwa mililita ngapi, kapumua vipi. Nimejaza mafaili hayo zaidi ya miaka kumi. Hakuna mstari hata mmoja unaouliza mama amefunga biashara siku ngapi, amelala saa ngapi, nani amebaki na watoto wengine nyumbani.

Na kisichoandikwa wodini hakifiki juu. Huko juu kuna kazi inaitwa tathmini ya kiuchumi ya afya. Usiogope jina. Ni hesabu ya sokoni kabisa: nina hela kiasi hiki, kuna dawa A, chanjo B na huduma C, ipi nikiinunua itaokoa afya nyingi zaidi? Wachumi wa afya wanaweka gharama upande mmoja, upande wa pili wanaweka miaka ya maisha yenye afya ambayo wagonjwa watapata. Wanagawanya, wanaona ipi ina nafuu. Hesabu za namna hii ndizo zinazosaidia kuamua chanjo gani iingie kwenye ratiba, dawa gani iingie kwenye orodha ya taifa, na bima ilipie nini.

Sipingi hesabu. Hapa kwetu hesabu zimewahi kuokoa watoto. Miaka ya tisini mwishoni, Wizara ya Afya na shirika la Canada liitwalo IDRC waliendesha mradi wa TEHIP kule Rufiji na Morogoro Vijijini. Watu walipita nyumba kwa nyumba wakihesabu nani amekufa na kwa ugonjwa gani, halafu matokeo yakalinganishwa na bajeti ya wilaya. Ikaonekana malaria ilikuwa inabeba sehemu kubwa ya maradhi ya watu lakini inapata fungu dogo la hela. Wakahamisha fungu, vifo vya watoto vikashuka. Kilichohesabiwa kikapata hela. Ndiyo maana nataka na wewe uhesabiwe.

Shida ni nani anahesabiwa. Hesabu nyingi za watoto zimekopi za watu wazima: gharama za hospitali, afya ya mgonjwa, basi. Mtu mzima mwenye presha anakuja mwenyewe kliniki, anameza dawa mwenyewe. Mtoto wa miezi saba hawezi kuja kliniki. Hawezi kumeza chochote bila mkono wako. Akilazwa, mmelazwa wawili, ila jina kwenye kadi ni moja. Hata yale maswali ya kupima afya yake ikoje, maumivu, usingizi, furaha, anayejibu ni wewe, na umekesha siku tatu. Ukimhesabu mtoto peke yake umehesabu nusu ya mgonjwa.

SEHEMU YA 3

Mfano wangu mkubwa ni kangaruu. Wanaonifuata wanajua naipenda huduma hii kiasi gani: mtoto njiti au mwenye uzito mdogo anawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mmefungwa pamoja, ananyonya, anapata joto lako.

Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani kwenye hospitali tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria, na hapa kwetu Muhimbili. Watoto zaidi ya 3,200 wa kilo moja hadi kasoro kidogo ya kilo moja na gramu mia nane. Zamani tulikuwa tunasubiri mtoto atulie ndipo tumpe mama. Hawa wengine walipewa mama mara tu baada ya kuzaliwa. Kundi lile vifo vilipungua kwa asilimia 25. Robo nzima! Utafiti ukasimamishwa mapema kwa sababu haikuwa haki tena kuwanyima wale wengine. Mwaka 2022 Shirika likabadilisha mwongozo: kangaruu ianze mapema, saa nyingi iwezekanavyo kwa siku.

Sasa ukisoma kuhusu kangaruu, karibu kila mahali utakutana na neno "nafuu". Huduma nafuu, haihitaji mashine, inafaa nchi maskini. Na mimi nauliza, nafuu kwa nani?

Kwenye utafiti ule, watoto wa kundi la kangaruu ya mapema walikaa kifuani saa 16.9 kwa siku kule chumba cha uangalizi maalumu. Hiyo ndiyo namba ya katikati, kuna waliozidi hapo. Zamu yangu ya mchana ikiwa saa nane, mama anafanya zaidi ya zamu mbili kila siku, bila siku ya mapumziko, na kidonda cha uzazi bado kibichi. Ukiichukua kwa zile siku 24 za mfano wetu unapata saa 405. Zamu 50 za muuguzi. Kama hospitali ingetakiwa kuajiri mtu wa kufanya kazi hiyo, ingehitaji watu wawili kwa siku kwa kila mtoto, na hapo ndipo mngesikia kwamba kangaruu ni huduma ghali.

Mashine ya joto ina bei, ina umeme, ina fundi, kwa hiyo inaandikwa. Kifua cha mama hakina risiti, kwa hiyo kinaandikwa sifuri. Halafu sifuri hiyo inarudi wodini kama bajeti. Kwa kuwa mama hagharimu kitu, hakuna fungu la chakula chake. Hakuna kiti cha kuegemea vizuri. Kuna wodi hapa nchini mama wawili wanalala kitanda kimoja na watoto wao vifuani, na mmoja akitaka kugeuka inabidi waelewane kwanza. Mnaanza kunielewa?

Na kwa sababu hakuna mtu anayemhudumia mama, ndiyo yanatokea yale tunayoyaona: siku ya tisa mama anaomba ruhusa. "Sista niandikie tu, nitamfanyia nyumbani." Wengine tunawaita watoro. Lakini ukikaa naye chini unakuta nyumbani kuna mtoto wa miaka minne ameachwa kwa jirani, kodi ya chumba inaisha Ijumaa, na mume yuko njiani na mzigo Tunduma. Mama huyu amepiga hesabu yake mwenyewe, ile ambayo wachumi hawakuipiga.

Kuna kitu kimoja kizuri lazima nikiseme. Watu waliopigania watoto njiti hapa nchini, akiwemo Doris Mollel na taasisi yake, walisema miaka mingi kwamba mama wa njiti anamaliza likizo ya uzazi akiwa bado wodini. Mei Mosi 2024 kule Arusha, Makamu wa Rais Dkt. Philip Mpango akatangaza kwamba serikali itawaongezea muda, na mwanzoni mwa 2025 Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za kazi. Mama wa njiti anaongezewa likizo juu ya ile ya kawaida ya siku 84, na baba anapata siku 7 badala ya 3. Hapo mtu aliinuka akasema siku za mama zina thamani, na sheria ikabadilika. Lakini inamgusa mwenye mkataba wa ajira. Wewe wa Mtaa wa Congo, mama lishe wa Gerezani, dada unayesuka nywele Msimbazi, sheria ile haijui upo wapi.

SEHEMU YA 4

Tuhamie selimundu, maana kila nikiandika jambo mnaniuliza "na sisi wa selimundu je?"

Tanzania tuko juu kwenye orodha ya dunia. Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 wanazaliwa na selimundu kila mwaka. Mama wa mtoto huyu haishi kwa kalenda. Anaishi kwa maumivu ya mtoto. Mtoto kalala mzima, saa nane usiku analia mgongo, miguu, tumbo. Unamfunga kanga, unatafuta bajaji.

Kuna dawa inaitwa haidroksiurea. Utafiti wa REACH ulifanyika Angola, Kongo, Uganda, na kwa jirani zetu wa pwani, Kilifi. Watoto 606 walipewa dawa, matokeo yakatangazwa mwishoni mwa 2018. Kabla ya dawa, ukichukua watoto 100 kwa mwaka mmoja, mashambulizi ya maumivu yalikuwa kama 98. Baada ya dawa yakawa kama 45. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43 hadi mara 14. Malaria ilipungua kwa nusu. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1.

Soma tena namba hizo kwa jicho la mama. Kwenye watoto 100, mashambulizi zaidi ya 50 kwa mwaka hayatokei tena. Shambulizi linaweza kuleta siku za kulazwa, na kila siku ya kulazwa kuna mtu amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kitanda. Tuseme siku nne kila moja (mfano tena), hapo kuna siku zaidi ya 200 ambazo mama wako sokoni badala ya wodini. Dawa imezalisha siku 200 za kazi na usiku 200 wa kulala. Mchumi anayehesabu bei ya kidonge na gharama ya kitanda peke yake anaona faida moja, nyingine hii inampita. Akija kukaa kwenye kikao kuulizwa kama dawa inastahili kulipiwa, anapeleka nusu ya ushahidi.

Hapo sijaongelea mwili wako. Mama anayekesha mwaka baada ya mwaka anaumwa mgongo, anapandisha presha, anapata sonona. Nimeshapima presha za akina mama waliokuja kumuuguza mtoto nikaishia kumwita daktari kwa ajili ya mama. Hilo nalo ni afya iliyopotea kwa ugonjwa uleule wa mtoto. Nani kaliandika?

SEHEMU YA 5 (fupi)

Mgongo wazi. Watoto wanaozaliwa na uti wa mgongo haujafunga vizuri, wengi na kichwa kikubwa, wanafanyiwa upasuaji pale MOI. Upasuaji ni mwanzo tu. Baada ya hapo kuna haja ndogo ya kutoa kwa mpira mara kadhaa kwa siku, vidonda, kliniki, kumbeba mgongoni mpaka shule. Kule jimbo la Arkansas, Marekani, watafiti walilinganisha wazazi wa watoto hawa na wazazi wengine, utafiti ukachapishwa 2009. Wazazi wanaowauguza walifanya kazi ya kipato pungufu kwa kati ya saa 7.5 na 11.3 kila wiki, kutegemea hali ya mtoto. Na huko kuna gari, kuna kiti cha magurudumu, kuna basi la shule!

Sehemu kubwa ya tatizo hili inazuilika kwa asidi ya foliki kabla mimba haijaingia na miezi ya mwanzo. Hapa kwetu kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na mahindi zipo tangu 2011. Unga wa ngano wa viwanda vikubwa mara nyingi unao. Sembe ya mashine ya mtaani mara nyingi haina. Mtu akisema kuwawekea wenye mashine ndogo vifaa vya kuchanganya virutubishi ni gharama, mimi nataka kwenye hesabu yake zionekane na zile saa za mama, kila wiki, miaka kumi na zaidi.

SEHEMU YA 6

Najua kuna watakaobisha, na wana hoja. Tusizikwepe.

Ya kwanza: ukianza kuhesabu kipato kilichopotea, mama wa Masaki mwenye mshahara wa milioni tatu "atapoteza" zaidi ya mama wa Manzese anayeuza vitumbua. Kwa hiyo dawa ya mtoto wa Masaki itaonekana ina faida kubwa. Hoja hii ni ya kweli na ni hatari. Jibu langu: hesabuni saa, halafu wekeni bei moja ya saa kwa kila mama nchi nzima. Saa ya kumkumbatia njiti ni saa, awe anayeikaa ni meneja au muuza mchicha.

Ya pili inaumiza zaidi, na ningependa uisome polepole hasa kama una mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Tuseme kuna dawa inamwongezea mtoto mgonjwa sana miaka mitano ya kuishi. Ukiandika kwamba kumuuguza kunamchosha mama, basi kwenye karatasi ile miaka mitano inakuja na miaka mitano ya uchovu wa mama, na kikokotoo kinaweza kusema dawa hiyo ni hasara. Yaani kwa lugha chafu, mtoto akifa mama anapumzika. Baadhi ya wachumi wenyewe wanauita huu mtego, na wapo walioamua bora kumwacha mama nje ya hesabu kabisa kuliko kuingia humo.

Mimi nimewafunga watoto sanda. Nimekaa na mama zao. Mama aliyepoteza mtoto hapumziki. Haamki kesho yake akiwa na afya kamili kama karatasi inavyodhani; wengine baada ya mwaka mzima bado wanakuja wodini kutusalimia na wanakaa tu pale benchi. Mchumi anayeandika uchovu wa mama wakati mtoto yupo, halafu anaandika sifuri mtoto akiondoka, hajahesabu, amebahatisha. Aweke na msiba. Na mahali ambapo mzigo wa mama ni mkubwa, jibu liwe kumtafutia mama msaada, isiwe sababu ya kumnyima mtoto dawa. Hili kwangu halina mjadala, hata kama hesabu ingesema vingine.

Ya tatu, kwamba haipimiki. Inapimika. Uingereza, taasisi yao ya NICE inayopendekeza nini kilipiwe na huduma ya afya ya taifa, inaruhusu afya ya anayeuguza iingizwe pale inapohusika. Marekani, mwaka 2016, jopo la wataalamu lilitaka tathmini zifanywe mara mbili, mara moja kwa jicho la hospitali na mara ya pili kwa jicho la jamii nzima, na liwepo jedwali linaloonyesha wazi nini kimehesabiwa na nini kimeachwa, pamoja na muda wa wanaouguza na nauli zao. Hata huko wengi hawatimizi, hasa kwenye upande wa afya ya mzazi. Lakini jedwali lenyewe ni jambo dogo sana. Karatasi moja! Ukiacha kitu, unaandika kwamba umekiacha.

SEHEMU YA 7

Kwa nini nasema sasa hivi? Kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, na bima yoyote inaishi kwa kuamua kitita: hiki kinalipiwa, hiki hakilipiwi. Wengi wetu tunakumbuka Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400 na kilio cha mwaka 2023 usajili wa mtoto mmojammoja uliposimamishwa. Mjadala ule wote ulikuwa wa kadi na mfuko. Sikusikia mtu akiuliza mama anapoteza siku ngapi mtoto akikosa kadi akaja hospitali akiwa hoi badala ya kuja mapema.

Kwa walioajiriwa, someni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mtoto wako akiugua au akifariki una angalau siku 4 zenye malipo katika mzunguko wa likizo, na siku nne hizohizo ndizo zinabeba na msiba wa mzazi, mwenza au ndugu yako. Ukizidisha, zinazozidi zinaweza kukosa mshahara. Mama wa selimundu siku nne anazimaliza kwa shambulizi moja. Ukiwa na chama cha wafanyakazi kazini kwako, peleka hilo.

Kuna mambo yasiyohitaji Bunge. Nimeona mtoto mmoja ana kliniki ya damu Jumatatu, mazoezi ya viungo Jumatano, lishe Alhamisi, jengo lilelile. Kumpangia siku moja hakuigharimu hospitali chochote, na mama anaokoa siku mbili kila mzunguko. Dawa za kutumia miaka mingi zinaweza kutolewa za miezi mitatu kwa mtoto ambaye hali yake imetulia na vipimo vyake viko sawa. Wanaotumia ARV wanapewa hivyo na inafanya kazi. Bibi, baba, mama mdogo, wote wana kifua na wote wanaweza kufanya kangaruu mama akalala saa tatu, kama sheria ya wodi haiwafukuzi kila saa kumi na mbili jioni. Mambo haya hayafanyiki kwa sababu moja tu, siku ya mama bado bei yake ni sifuri.

Basi wewe anza kuiandika. Nyuma ya daftari la kliniki, au kwenye simu: tarehe mliyolazwa, tarehe mliyotoka, siku ulizofunga biashara, nauli, nani alibaki na watoto, kama kuna binti aliyekosa shule ili akae na mdogo wake. Wanakuja watu wa utafiti wodini, wakikuuliza maswali ya mtoto, waambie na haya hata kama hawajauliza. Tena kila zahanati na kituo cha afya cha serikali kina kamati yake ya usimamizi na ndani yake kuna wajumbe kutoka kwa wananchi, majirani zako hao. Muulize mwenyekiti wako wa mtaa ni nani na wanakaa lini. Ukipata nafasi ya kuongea usianze na malalamiko ya nesi mkali (najua mnatusema). Anza na kliniki kuwekwa siku moja, halafu uji wa asubuhi kwa mama wa njiti.

Jumapili nitaweka picha ya jinsi ya kumfunga mtoto kangaruu kwa kanga mbili za kawaida, na namna baba anavyofungwa, maana nao wameniuliza.